Usiuze Masta kwa Kangomba
Mwongozo kwa wasanii, maprodyuza na wenye studio wa Chuno na Mtwara kwa jumla, kabla ya kusaini na lebo

Mkulima wa korosho wa mkoa huu hahitaji kufundishwa kangomba ni nini. Mvua zinanyesha, ndani hakuna kitu, mtoto anadaiwa sare ya shule, na mfanyabiashara anabisha hodi na fedha mkononi. Anatoa leo, atalipwa msimu ukifika, kwa korosho zitakazopimwa kwa chombo chake na kwa bei aliyoitaja yeye siku ya shida yako. Serikali imepiga marufuku, vyama vya ushirika vimepiga kelele, na bado watu hunaswa nayo, kwa sababu njaa haisubiri mnada.

Mkataba wa lebo unaoletwa kwa msanii asiye na senti ya kulipia video ni kangomba ya namna yake. Fedha zinaonekana leo, kinacholipwa ni mavuno ya miaka mingi ijayo, na kipimo anacho mnunuzi. Mwongozo huu haumkatazi mtu kusaini. Lebo nzuri zipo, na anayebahatika kuipata mojawapo anapata mtaji, studio na watu wa kumfikisha redioni. Tunachotaka ni msanii wa Chuno, Magomeni au Mikindani ausome mkataba kwa jicho lilelile ambalo baba yake husomea makato ya AMCOS, chama chake cha ushirika: kila shilingi iliyotoka imekwenda kwa nani, na kwa kazi gani.

Masta ndiyo shamba

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni utunzi, yaani mashairi na sauti yake ya kuimbika. Ya pili ni rekodi iliyotoka studio, ile tunayoiita masta. Mtu akiurekodi upya wimbo wako kwa sauti yake, ameigusa mali ya kwanza tu. Wimbo ukisikilizwa Boomplay au ukitazamwa YouTube, mali zote mbili zimefanya kazi, na zote mbili zinastahili malipo.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi inapoumbwa. Haisubiri muhuri wa ofisi yoyote. Usajili unasaidia kuthibitisha, hauanzishi haki. Hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kijana wa miaka 20 akitunga wimbo leo, na Mungu akamjalia kufika 80, haki ya utunzi ule itakuwa hai miaka 110 kutoka sasa. Hicho ndicho kinachosainiwa mezani baina ya soda mbili.

Masta ina utata zaidi, kwa kuwa umiliki wake hutegemea nani aliyeiandaa na kubeba gharama, na hapo ndipo ugomvi wa studio zetu unapoanzia. Tazama inavyokuwa. Chumba kimoja, trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, feni imezimwa ili isisikike kwenye maiki, jasho linatiririka. Msanii ametoa nusu ya fedha, nusu nyingine "tutaongea". Biti ni ya prodyuza, kiitikio kimetoka kwa rafiki aliyekuja kusindikiza tu, na mradi mzima umehifadhiwa kwenye kompyuta isiyo ya msanii. Wimbo ukikwama, wote ni ndugu. Ukishika, kila mmoja anakumbuka siku ile kivyake.

Dawa yake ni karatasi moja, iandikwe kabla feni haijawashwa tena. Iseme: tarehe ya leo, jina la wimbo, msanii fulani amelipa shilingi kadhaa na zimebaki kadhaa, masta ni mali ya fulani, mashairi yametungwa na fulani na fulani kwa asilimia hizi, prodyuza atapata asilimia kadhaa ya mapato ya rekodi, au amelipwa yote na hadai tena, faili zote za mradi zitakabidhiwa kwa msanii kwenye diski yake baada ya kumaliza deni. Waliokuwamo chumbani wasaini wote, akiwamo yule rafiki wa kiitikio. Piga picha karatasi hiyo, itume kwenye simu za wote. Prodyuza mzuri hataudhika. Naye inamlinda, maana ni mara nyingi zaidi prodyuza ndiye anayesahauliwa wimbo ukipanda.

Waingereza na nusu kwa nusu

Tunaitazama Uingereza kwa sababu mbili. Kule lebo ndogondogo zimejaribu karibu kila aina ya mkataba, mzuri na mbaya, na matokeo yake yanajulikana. Na kule ndiko muziki wetu ulikopita mara nyingi kabla ya intaneti kufika mifukoni mwetu.

Desemba 1976 bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilirekodi nyimbo 4 kwa pauni 500 za kukopa kwa jamaa na marafiki. Januari 1977 wakazitoa kwa lebo waliyoiunda wenyewe, New Hormones, wakaanza na santuri 1,000. Zikaisha, wakachapisha tena, na mwishowe zikauzwa takribani 16,000. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote kubwa ya London. Wengine wakaona kumbe inawezekana.

Geoff Travis alikuwa amefungua duka la santuri la Rough Trade magharibi mwa London mwaka 1976. Mwaka 1978 duka likazaa lebo, kisha likajiunga na maduka ya mikoani kusambaza kazi za lebo nyingine ndogo. Mkataba wake ulikuwa mfupi: ondoa gharama, kinachobaki gawana nusu kwa nusu. Factory ya Manchester, iliyoanza mwaka huohuo wa 1978, ilikwenda mbali zaidi na kukubali kwamba wanamuziki ndio wenye kila kitu na kampuni haina chake. Wengi waliona ni uwendawazimu wa biashara, na kwa upande fulani ulikuwa, kwani Factory ilifilisika mwaka 1992. Lakini kampuni kubwa ya kuinunua ilipokuja kuhesabu mali, iliambiwa masta za New Order, bendi iliyokuwa ikiingiza fedha kuliko zote pale, ni za New Order wenyewe. Lebo ilikufa na nyimbo zikabaki kwa wenyewe.

Upande wa pili wa hadithi ni usambazaji. Mwaka 1991 kitengo cha usambazaji cha Rough Trade kilianguka, na lebo ndogo ambazo santuri zao zilikuwa zimekwisha kuuzwa zikabaki zinadai fedha zisizolipika. Wenye lebo hawakukosea katika muziki. Fedha zao zilikuwa zimekaa muda mrefu mno kwenye mfuko wa mtu mwingine. Kwa hiyo unapoandika mkataba na msambazaji yeyote, wa Dar es Salaam au wa mtandaoni, angalia analipa kila baada ya muda gani. Mwezi ni mzuri, miezi mitatu inavumilika. Anayesema mwaka anafanya biashara kwa mtaji wako.

Hesabu mbili za wimbo mmoja

Maneno ya asilimia yanapumbaza, basi tuweke namba. Namba hizi ni za mfano tu. Lebo imetumia shilingi milioni 4: kurekodi, video, usafiri, kupeleka wimbo redioni. Wimbo umeingiza shilingi milioni 10.

Kwa mkataba wa nusu kwa nusu baada ya gharama, toa 4 kwenye 10, zinabaki 6. Msanii 3, lebo 3. Kila mtu amebeba gharama sawa na mwenzake.

Sasa mkataba wa pili, ambao kwenye karatasi unaonekana wa kawaida kabisa: msanii atapata asilimia 20, na gharama zote zitarejeshwa kutoka kwenye mgawo wa msanii. Asilimia 20 ya milioni 10 ni milioni 2. Gharama ni milioni 4. Msanii hapati kitu na bado anadaiwa milioni 2, zitakazokatwa kwenye wimbo ujao. Lebo imepokea milioni 10 nzima, imerudisha milioni 4 zake, na ina faida ya milioni 6. Juu ya yote, masta ambayo msanii ameilipia kwa mgawo wake imebaki ya lebo. Ni sawa na kulipa deni la baiskeli mpaka likaisha, kisha muuzaji akaondoka na baiskeli.

Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe "nitapewa asilimia ngapi?" Uliza gharama zinatoka upande wa nani, na zikisha kurudi masta ni ya nani. Uliza pia nani anaidhinisha gharama. Andika kwamba matumizi yoyote yanayozidi kiasi mtakachokubaliana hayatahesabiwa bila saini yako. Chakula cha jioni cha meneja na wageni wake si gharama ya wimbo, ingawa nimeona mkataba wa kijana wa hapahapa uliokiingiza kwa jina zuri la "uhusiano wa umma".

Kampuni ikiuzwa, nawe umo

Wanamuziki wetu walizipitia lebo za Uingereza zamani. Orchestra Makassy, bendi iliyokuwa Dar es Salaam kabla ya kuhamia Nairobi, ilitolewa na Virgin ya London mwaka 1982 kwa santuri ya Agwaya. Mwaka 1988 lebo huru ya GlobeStyle ilitoa rekodi za taarab ya Zanzibar. Remmy Ongala, aliyekuwa amepitia Makassy kabla ya kung'ara na bendi ya Matimila, alirekodi kwenye studio za Real World, kijiji cha Box huko Wiltshire, na mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man kwa lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mgogo wetu Hukwe Zawose naye akatoa kazi zake kwa lebo hiyohiyo. Lebo hizi ziliwafikisha kwenye majukwaa ambayo santuri za Nairobi na kanda za Kariakoo zisingewafikisha, na hilo tulikiri.

Lakini fuata njia ya kampuni moja tu. Virgin iliyoitoa Makassy mwaka 1982 ilikuwa imeanza kama lebo huru. Miaka 10 baadaye iliuzwa kwa EMI. Mwaka 2012 EMI yenyewe ikavunjwa na sehemu kubwa ya rekodi zake ikaenda Universal. Mwanamuziki aliyekaa mezani na mtu mmoja anayempenda hujikuta, bila kuitwa kikaoni, mali ya watu asiowajua kwa sura.

Mkataba uwe na kifungu kinachosema lebo haitauhamisha wala kuziuza masta zako kwa mwingine bila idhini yako ya maandishi, na kwamba ikitaka kuuza, wewe ndiye wa kuulizwa kwanza kununua. Lebo kubwa zitakataa. Lebo ya vijana wa Mtwara haina sababu ya kukataa.

Mwana wa Tandahimba

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Harmonize, mzaliwa wa Chitoholi, Tandahimba, alitambulika nchi nzima mwaka 2015 na wimbo Aiyola akiwa chini ya WCB Wasafi ya Diamond Platnumz. Alipoondoka mwaka 2019 alisema hadharani kwamba kutoka kwake kulimtaka alipe shilingi milioni 500, na kwamba alilazimika kuuza baadhi ya mali zake. Akaanzisha Konde Music Worldwide, jina lililotufurahisha wengi huku kusini. Mwaka 2025 msanii wake Ibraah alipotaka kutoka, naye alilalamika hadharani kwamba anatakiwa kulipa shilingi bilioni 1, na suala hilo likafika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Mwongozo huu hauamui nani ana haki. Lebo iliyomtoa mtu gizani na kumwekea fedha ina madai ya kweli. Kinachotuhusu ni kwamba mara zote mbili bei ya kutoka ilikuwa jambo la kushangaza umma, kumbe ilipaswa kuwa kifungu cha kawaida kinachojulikana kwa wote tangu siku ya kusaini. Omba kiandikwe kwa namba na kwa kanuni: gharama zilizothibitishwa kwa risiti ambazo hazijarejeshwa, pamoja na kiasi fulani, na kipungue kila mwaka unaopita. Kusiwe na "fidia kama itakavyoamuliwa na kampuni". Maneno hayo ni cheki isiyojazwa.

Vifungu vingine vya kutazama

Muda uhesabiwe kwa miaka. Mikataba mingi huhesabu kwa albamu: msanii anafungwa kwa albamu 3, na lebo ndiyo yenye kuamua lini albamu itoke. Miaka 3 aliyoidhania ikageuka 8. Raye, mwimbaji wa London, alilalamika hadharani mwaka 2021 kwamba kampuni yake kubwa ilikuwa imemkalisha miaka bila kumtolea albamu. Akaachiwa, akatoa kazi kwa mkono wake mwenyewe. Januari 2023 wimbo wake Escapism ukawa namba 1 Uingereza, na mwaka 2024 akazoa tuzo 6 za Brit usiku mmoja. Si kila anayeachiwa atakuwa Raye. Ila kila mkataba unaweza kuwa na sentensi hii: lebo isipotoa wimbo wangu ndani ya miezi 6 baada ya kukabidhiwa masta, niko huru, na masta ni yangu.

Wigo. Lebo nyingi za sasa huchukua sehemu ya kila kitu: shoo, matangazo ya biashara, fulana, hata zawadi za mashabiki. Kubali tu pale lebo inapofanya kazi. Shoo uliyoitafuta mwenyewe Masasi kwa simu ya mjomba isikatwe sawa na shoo waliyokutafutia wao Dar es Salaam.

Jina lako la kisanii, chaneli yako ya YouTube, kurasa zako za Instagram na TikTok. Wapo waliotoka lebo wakakuta hata jina hawaruhusiwi kulitumia. Jina libaki lako, nukta.

Aliye chini ya miaka 18 asisaini peke yake. Mzazi au mlezi awepo, na asiwepo kwa kupiga picha tu. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, dai nakala ya Kiswahili, na iandikwe kwamba zikitofautiana ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Haki hazihami kwa mdomo: sheria inataka maandishi. Meneja anayekuambia "ile tulikubaliana simu" hana hoja, na wewe pia huna ukitegemea hivyohivyo.

Ngoma za wazee

Hapa Umakondeni kuna mtaji ambao Manchester hawakuwa nao: sindimba, mapiko, nyimbo za jando na unyago. Maprodyuza vijana wamegundua kwamba mdundo wa ngoma iliyorekodiwa Mahuta au Kitaya ukikatwa na kuwekwa chini ya singeli unatikisa spika. Ni kweli unatikisa. Lakini yule mzee aliyepiga ana haki za mtumbuizaji katika rekodi ile, na sheria ya 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi: kuzitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali, na BASATA ndio waliopewa kazi hiyo.

Nenda kwa kiongozi wa kikundi, eleza wimbo utakwenda wapi, lipa wapigaji siku hiyohiyo, na andika jina la kikundi kwenye maelezo ya wimbo. Wape pia asilimia, maana kikundi kinachopata hata kidogo kila mwaka kitakualika tena. Nyimbo za ndani ya unyago ni habari nyingine. Zina wenyewe, kina mama na kina bibi, na zipo ambazo hazitakiwi kusikika nje ya nyumba ile kwa bei yoyote. Ukikatazwa, acha. Hutapata biti ya kulipia laana ya bibi yako.

Kujiundia lebo Chuno

Lebo si jengo. Ni jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi kutoka TRA, akaunti ya benki isiyo ya mtu mmoja, na daftari. Maprodyuza wawili na wasanii watano wa kata hii wakiungana wana zaidi ya kile walichokuwa nacho Buzzcocks. Msanii na kikundi wajisajili BASATA. Afisa Utamaduni wa Manispaa ya Mtwara Mikindani ndiye mlango wa karibu. Kazi zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ulizia hapohapo ni taasisi gani yenye leseni ya kukusanya mirabaha ya muziki, ujiunge nayo, kwa sababu redio, hoteli na baa zinazopiga muziki hazitakutafuta nyumbani.

Kwa mtandao, kampuni za kusambaza ziko za aina mbili. Zipo zinazotoza ada ya mwaka na kukuachia mapato karibu yote, na zipo zisizotoza ada ila hukata asilimia. Za ada ni nafuu kwa anayetoa nyimbo nyingi, lakini ukisahau kulipa, nyimbo zaweza kuondolewa. Aina yoyote utakayochagua, fungua akaunti kwa barua pepe na namba ya simu ya lebo yenu. Usitumie laini ya rafiki. Kuna kijana hapa wimbo wake ulivuma msimu mzima wa korosho, na fedha zake ziliingia kwenye akaunti iliyofunguliwa na laini iliyopotea ndani ya bajaji. Aliyekuwa na laini hajulikani alipo hadi leo.

Kila rekodi ipewe namba yake ya utambulisho, ISRC, ambayo wasambazaji wengi huitoa bila malipo. Iandike kwenye daftari, kwani ndiyo itakayothibitisha kwamba wimbo uleule ndio ulioingiza fedha siku ukihamisha msambazaji.

YouTube ina masharti yake: chaneli hufikia mgawo wa matangazo ikiwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na malipo hutoka yakifika dola 100. Jaza fomu ya kodi ya Marekani iliyomo ndani ya akaunti. Usipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia. Ukiijaza, makato yanahusu tu watazamaji walioko Marekani. Wapo wasanii wanaopoteza fedha kwenye kifungu hiki kimoja, na hakuna wa kumlaumu.

Mkishaunda lebo, msiwafanyie wadogo zenu yale mliyoyakimbia. Andikeni mkataba wa nusu kwa nusu baada ya gharama, masta irudi kwa msanii baada ya miaka 5 au 7, hesabu ibandikwe kila robo mwaka kama AMCOS inavyobandika bei ya mnada ukutani. Atakayetaka kuona risiti aoneshwe.

Mambo yakiharibika

Anza kwa barua, usianze kwa Instagram. Andika unachodai, kifungu gani kimevunjwa, na siku ngapi unatoa. Hifadhi nakala iliyopokelewa kwa saini. Usipojibiwa, BASATA husuluhisha migogoro ya wasanii na mameneja, na COSOTA huhusika pale haki yenyewe inapoguswa. Mahakama ipo, nayo hutaka karatasi. Asiye na fedha ya wakili aulizie ofisi ya kata wasaidizi wa kisheria. Wapo, na huduma yao ni bure.

Kabla ya hayo yote kuna hatua isiyo na gharama. Ukipewa mkataba, omba kwenda nao nyumbani kwa siku 7. Msomee mama, msomee mwalimu, msomee mtu mmoja aliyewahi kuuza korosho kwa mkataba. Ukiambiwa karatasi haitoki ofisini na kalamu iko tayari, rudisha kalamu.